Unavumilia Ziwa Usiku Kucha, Halafu Unakimbia Kipimo cha Presha

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mambo vipi. Na ninyi mliotoka mtumbwini alfajiri hii hamjalala, wabeja sana kwa kuja, najua macho mazito, nitajitahidi nisiwachoshe.

Mwanaume wa huku Ziwa Victoria ni mvumilivu, hilo halina ubishi. Kipindi cha giza mtu anaingia majini jioni, anawasha taa, anakesha anavuta nyavu za dagaa, upepo unampiga, maji yanaingia mtumbwini anayachota na kopo anayarudisha, viganja vimechanika na kamba, asubuhi anashusha mzigo halafu anakunywa chai na kitumbua anapiga stori kama vile alilala kwake. Mwingine pale mwaloni Kirumba anapandisha magunia kwenye fuso tangu asubuhi mpaka jua linazama. Huyo nani atamwambia hajui ugumu? Lakini huyo huyo ukimwambia twende zahanati ukapime presha, kitu cha dakika chache, hakichomi, anaanza aah kesho, mara leo nina safari ya Sengerema, mara mi mbona niko fiti, na hiyo kesho haifiki mpaka siku anapelekwa juu hospitali ya Bugando mdomo umepinda upande mmoja na mkono haunyanyuki.

Hapo ndo nataka tukae leo. Kazi ngumu inakupa hela na heshima, sawa, ila ukishaizoea haikuongezi kitu ndani, wewe wa mwaka huu ni yule yule wa miaka kumi nyuma, mgongo tu ndo umechoka zaidi. Kuna ugumu mwingine, ule wa kuonekana hujui, unaumwa, umekosea, unamhitaji mtu. Huo tunaukimbia kuliko mamba. Na mimi kwa ninavyoona watu, huo ndo unaomkomaza mwanaume, wala sioni njia nyingine ya kuupita pembeni.

Tuchukue hiyo presha. Ukipimwa siku tofauti ikawa inatoka 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha ya kupanda. Na haina kelele. Mtu ana 180 na anabeba gunia, kichwa hakiumi, usingizi anapata, huku ndani mishipa inaumia, moyo unafanya kazi ya ziada, figo zinachoka taratibu. Kwahiyo ukisema sijisikii kuumwa hujaniambia kitu. Kuna baba mmoja alikaa mbele yangu, mtu mzima mwenye mitumbwi yake, anaongea kwa sauti habari za Simba na Yanga, nikamwomba anyamaze kidogo, nikamfunga mkanda, ukajaa upepo, namba zikatoka 192 kwa 114. Nikasubiri nikarudia, bado huko huko. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "sasa hii, mama watoto lazima ajue?" Hakuuliza nitapona, hakuuliza dawa bei gani, alichoogopa ni mke wake ajue. Nikamwambia lazima ajue kaka yangu, manake chumvi iko jikoni kwake, na WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ni kama kijiko kimoja kidogo cha chai, kwa chakula chote cha siku, pamoja na iliyomo kwenye samaki wa chumvi na ile unayonyunyizia kwenye chipsi. Utampunguziaje chumvi mtu ambaye hujui anaumwa?

Sasa niingie kwenye lile ambalo mnaliongea kijiweni mkiwa wenyewe. Nguvu za kiume. Kila nguzo ya umeme mjini ina karatasi, ukipanda daladala tangazo, ukifungua simu tangazo, na wanaume wananunua kimya kimya chupa haina hata jina. Sikilizeni. Mishipa ya damu inayoenda huko chini ni myembamba kuliko ile ya moyo, kwahiyo mishipa ikianza kuharibika kwa presha, sukari, sigara au mafuta, mara nyingi huko ndo dalili inatangulia kuonekana, miaka kadhaa kabla ya moyo wenyewe kulalamika. Yaani mwili umekupa taarifa mapema kabisa, na wewe badala ya kwenda kupima unaenda kununua unga wa mizizi. Na dawa nyingi za namna hiyo duniani zikipimwa maabara zinakutwa zimechanganywa na sildenafil, ile dawa iliyomo kwenye Viagra, bila kuandikwa, na hiyo ukiimeza huku unatumia dawa za moyo za naitreti, presha inaweza kuporomoka ghafla ukafa. Mficha uchi hazai, walisema wazee, na hapa imekuja kuwa kweli neno kwa neno. Nenda kwa daktari, funga mlango, mwambie jambo lenyewe kwa jina lake. Ni sentensi moja. Najua ni nzito kuliko gunia la kilo mia lakini ukishaisema imeisha.

Kichocho sitakaa sana, mnakijua. Konokono yuko majini, vimelea vinapita kwenye ngozi, na dawa ipo, praziquantel, inakupa kizunguzungu na kichefuchefu kidogo kwahiyo unakula kwanza. Mwanaume anaona dawa za kichocho ni za watoto wa shule. Kumbe ni yeye anayeshinda ndani ya maji, ini linaharibika miaka na miaka, siku anatapika damu ndugu wanaanza kutafuta nani kamroga.

Na tohara, niseme hili maana hapa Usukumani lilikuwa kubwa. Majaribio ya Kisumu kule Kenya na Rakai kule Uganda, watu wa ziwa hili hili, yalionesha kwamba hatari ya mwanaume kupata VVU kutoka kwa mwanamke inapungua kwa karibu asilimia 60, na 2007 WHO wakaipendekeza. Asilimia 60 sio 100, kondomu iko pale pale. Wanaume wazima walikubali kukaa foleni moja na vijana wa umri wa watoto wao, mtu ana mke ana wajukuu, anakaa kwenye benchi. Na baada ya hapo wiki sita hamna tendo. Mimi nawaheshimu sana wale. Wazee wetu hawakuwafundisha hivyo, na hakuna aliyewapigia makofi, walikaa tu na aibu yao mpaka jina likaitwa.

Vijana mnaniletea video kwenye simu, wanaume wa Ulaya wanajitumbukiza kwenye pipa la barafu, wanaamka saa kumi usiku, wanasema ndo uanaume huo. Sipingi kuamka mapema, wala maji ya baridi hayana ubaya kwa kijana mzima, ila mwenye presha asijaribu, manake ile baridi ya ghafla inapandisha presha hapo hapo. Ninachowaambia ni kwamba pipa la barafu linapigwa picha, watu wanalike. Kumuomba msamaha mtoto wako hakupigwi picha.

Na tukae hapo kwa mtoto. Umemfokea mbele ya wenzake, umemwita mjinga, kisa kapoteza chenji ya elfu moja, halafu usiku moyo unakusuta unajua kabisa ulizidisha. Wengi wetu tunafanyaje? Kesho yake tunamletea biskuti. Biskuti ni nzuri, mtoto anakula anafurahi, ila hajui kilichotokea ni nini. Mkalishe. Mwambie, "Juma, jana nilikuita mjinga mbele ya rafiki zako, sikufanya vizuri, nisamehe mwanangu." Utaona koo linakauka. Utaona unataka kuongeza "lakini na wewe..." Usiongeze. Ishie hapo. Mtoto wa kiume aliyesikia baba yake akitamka neno hilo amejifunza uanaume kuliko mihadhara yangu yote, na akikua hatamwogopa mke wake wala hatampiga ili ashinde ubishi, manake alishaona kwamba baba akikiri kosa bado anabaki kuwa baba.

Tunaambiwa ukubwa jalala. Ni kweli, mkubwa anapokea ya wote. Lakini kama hakuna siku unatoa hata kidogo, kwa mke, kwa kaka yako, kwa shehe, kwa paroko, kwa yeyote unayemwamini, hayo mambo yanatafuta pa kutokea, na njia rahisi kwetu ni pombe. Viroba, zile pombe kali za kwenye vifuko, vilipigwa marufuku 2017 ila kiu yenyewe haikupigwa marufuku. Ukitaka kujua mwanaume amekomaa mwangalie siku ya mauzo, wenzake wako kaunta wanamwita agiza mzee, leo umepata, na yeye anasema niletee soda, naenda nyumbani na hii hela. Watamcheka. Wiki ya kwanza watamcheka sana. Wiki ya nne wamezoea.

Na kuzoea kwenyewe kuna muda wake, msikate tamaa haraka. Watafiti wa chuo kikuu cha London, Phillippa Lally na wenzake, waliwafuatilia watu waliokuwa wanaanza tabia mpya ndogo ndogo, wakakuta kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka mtu anafanya bila kujilazimisha, wengine siku 18, wengine makadirio yalifika 254. Na aliyeruka siku moja moja hakuharibu kitu. Kwahiyo wewe uliyeacha sigara ukavuta moja harusini, endelea kuacha, usirudi kununua pakiti eti ndo basi tena.

Mazoezi nitawagawa. Wewe mbeba mzigo, kapumzike, lala, mwili wako umeshafanya kazi. Nawaongelea wenye mitumbwi mnaokaa kivulini na simu, wenye maduka, madereva, tumbo limetangulia. Dakika 150 kwa wiki za kutembea haraka mpaka pumzi inapanda, ndo kiwango cha chini cha WHO, gawanya unavyotaka. Siku ya pili na ya tatu misuli itauma, hiyo ni kawaida inapita, ila maumivu ya kifua sio kawaida, hapo simama uende hospitali.

Kingine, na hiki kinaniuma sana. Ziwa la pili kwa ukubwa wa eneo duniani kwa maji yasiyo na chumvi, watu wamezaliwa ukingoni mwake, wanavua miaka ishirini, na hawajui kuogelea. Mtumbwi ukipinduka anazama mtu mzima mita chache kutoka kwa mwenzake. Na jaketi okozi hamvai, mnaona ni ya abiria waoga. Anayetaka kujifunza Jumamosi aniambie leo, tutatafuta bwawa, na mwalimu ni kijana mdogo, ana miaka 19, atakushika tumboni kama mtoto akufundishe kuelea, na wewe utanywa maji mbele yake. Kubali tu.

Haya, mashine mbili za kupimia presha ziko pale chini ya mwembe. Aliyevuta sigara sasa hivi asubiri nusu saa. Ukikaa, tulia dakika tano kwanza, egemea kiti, miguu yote chini usikunje nne, mkono juu ya meza, na mkanda ukianza kujaa usiongee. Mnaotoka mtumbwini tutawapima leo ila rudini na kesho mkiwa mmelala, manake kukesha nako kunapandisha. Wazee, tangulieni.