Pima betri kabla ya kuilaumu

SALIM: Karibuni wasikilizaji. Leo tuna malalamiko mawili yasiyoisha: kompyuta mpakato haikai na chaji, na kuiwasha ni shughuli. Dada Rehema, mtu aanzie wapi?

REHEMA: Aipime betri. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri, yaani Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Utatengenezewa faili, na utaambiwa limehifadhiwa wapi. Lifungue kwa kivinjari, utafute namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake wa sasa ikijaa.

SALIM: Tupe mfano.

REHEMA: Tuseme kiwandani ilikuwa mWh 50,000, yaani miliwati-saa, kipimo cha nishati ya betri; leo ikijaa inaishia 30,000. Ile asilimia 100 unayoiona kwenye skrini ni asilimia 100 ya hiyo 30,000! Umebakiwa na asilimia 60 ya betri uliyonunua, na hakuna mpangilio wa kurudisha kilichopotea. Lakini ukikuta 47,000, betri ni nzima. Mlaji yuko kwingine.

SALIM: Skrini?

REHEMA: Skrini iko mstari wa mbele, punguza mwanga. Halafu kuna programu zinazojiwasha zenyewe. Hizi ndizo zinazonikera, kaka, maana zinakuibia mara mbili: zinachelewesha kuwaka, kisha zinabaki nyuma zikila chaji mchana kutwa.

SALIM: Watu wanaogopa kuzigusa, wasije wakaharibu.

REHEMA: Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uende sehemu ya programu za kuanza. Windows huonyesha kila moja inachelewesha kwa kiasi gani. Za soga, muziki na michezo, zima. Hujazifuta, ukizihitaji utazifungua mwenyewe. Antivairasi na zile za sauti au padi ya kugusa ziache.

SALIM: Na anayezima kila usiku, asubuhi bado nzito?

REHEMA: Tangu Windows 8, mwaka 2012, kuna uwashaji wa haraka. Ukiwa umewezeshwa, ukizima, kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa ukiwasha. Kasi unaipata, ila hitilafu ya jana nayo inaweza kurudi. Siku kompyuta ikianza vituko, usizime; chagua kuwasha upya. Hapo mfumo unaanza mwanzo kabisa.

SALIM: Kuiacha kwenye umeme muda wote je?

REHEMA: Betri za lithiamu huzeeka upesi zikikaa zimejaa, hasa kwenye joto. Kompyuta nyingi za sasa zinaweza kusimamisha chaji kwenye asilimia 80. Unayeshinda mezani, washa mpangilio huo leo. Na usiiweke juu ya godoro, matundu ya hewa yanazibwa.

SALIM: Nimefanya yote hayo, na bado inachukua dakika kadhaa kuwaka.

REHEMA: Tazama diski. Kama ni ile ya sahani zinazozunguka, pesa yako iende hapo kwanza. Kichwa chake cha kusomea kinahama huku na kule kufuata maelfu ya mafaili madogo kila unapowasha. SSD, yaani diski ya chipu za kumbukumbu, haina kinachozunguka wala kinachohama. Kompyuta ya zamani ikipata SSD, utadhani umebadilishiwa mashine.

SALIM: Na mafaili yangu?

REHEMA: Yanakili kwenye diski ya nje. Fungua mawili matatu huko, uhakikishe yanasomeka, ndipo fundi ashike bisibisi.