Okidi Bila Udongo: Tunapanda Kwenye Magome na Mkaa, Hapa Tabora

Habari zenu watazamaji, karibuni tena Tabora. Leo tunapanda okidi, na kabla hujasogea mezani, ule udongo wa bustani uache huko huko nje. Hatuuhitaji.

Hii hapa inaitwa Phalaenopsis. Kwa anayeanza sijaona okidi rahisi kuliko hii, na maua yake yakishafunguka hukaa miezi miwili hata mitatu. Asili yake ni Asia, Ufilipino na Indonesia huko, ambako huishi juu ya miti na mizizi yake ikiwa nje, hewani. Haiunyonyi mti, imejishikiza tu. Ukiifukia kwenye udongo mizizi inakosa hewa, inaoza, halafu unasema okidi ni ngumu.

Tuanze na kununua. Kama unaagiza kutoka Dar au Arusha, mwambie muuzaji akupigie picha ya mizizi, siyo maua peke yake. Majani yawe magumu, na kama kuna vitumba ambavyo havijafunguka ni vizuri zaidi. Vikidondoka vichache kwenye basi usihangaike, mmea haujafa.

Chombo ni hiki: chupa ya maji ya lita moja na nusu. Ikate katikati, uchukue upande wa chini. Pasha msumari moto, toboa matundu mengi chini na mengine ubavuni. Nimechagua chupa inayoonyesha ndani makusudi. Tukifika kwenye maji utaona kwa nini.

Sasa cha kujaza humo. Mkaa, Tabora, siyo wa kutafuta. Chagua vipande vya ukubwa wa kidole gumba, vioshe, chenga na vumbi mwaga. Magome nenda kwa wachana mbao, omba yale yanayobaki kwenye mabanzi ya msonobari. Ukiwa na jirani mrina asali mwenye mzinga wa gome uliochakaa, nao unafaa, uvunjevunje. Nimesema uliochakaa, jamani! Usiende kuvua mti gome, mti ukivuliwa gome pande zote unakufa. Chemsha magome, yaloweke usiku kucha, kisha changanya sehemu mbili za magome na moja ya mkaa.

Kupanda kwenyewe ni dakika chache. Toa mmea kwenye chombo chake cha zamani, kung'uta. Mzizi mgumu uache. Ukiuminya ukabonyea na kutoa maji, kata kwa wembe uliopitishwa kwenye moto. Simamisha mmea katikati ya chupa, jaza magome na mkaa taratibu huku ukigongagonga ubavuni. Usishindilie. Shina la chini, pale majani yanapoanzia, libaki juu.

Haya, maji. Hapa ndipo okidi nyingi zinapouawa, tena na watu wanaozipenda. Nasogeza kamera, tazameni mizizi kupitia plastiki. Huu una rangi ya kijivu, unakaribia weupe: umekauka. Namwagia maji... subirini kidogo... mmeona? Umegeuka kijani. Basi hiyo ndiyo saa yako. Mizizi ikiwa kijani, usimwagilie hata kama moyo unakutuma. Ikiwa kijivu, tumbukiza chupa kwenye ndoo ya maji dakika kumi, itoe, acha ichuruzike yote. Mara nyingi inaangukia mara moja kwa wiki; Septemba na Oktoba, jua letu likiwa kali na hewa kavu, itakubidi uongeze. Mwagilia asubuhi, na maji yakituama katikati ya majani yakaushe kwa kitambaa, maana hapo kuoza huanza upesi. Maji ya mvua ndiyo bora, yakinge ya kutosha. Ya kisima chenye chumvi usitumie.

Kwa ajili ya huo ukavu, weka kokoto kwenye sinia, tia maji kidogo, kalisha chupa juu ya kokoto. Chupa isiguse maji.

Mwanga: dirisha la mashariki, au baraza lenye kivuli. Jua la mchana likiipiga, majani yanaungua. Yakiwa kijani kizito sana na maua hayaji, isogeze kwenye mwanga zaidi. Mbolea ni ile ya kuyeyusha kwenye maji, robo ya kipimo cha kwenye pakiti, kila baada ya wiki mbili. Samadi hapana.

Najua kuna atakayeniambia, "Mbona porini zipo?" Zipo, kama Ansellia africana, ya njano yenye madoa ya kahawia. Ziacheni huko mitini. Hizi za kununua zimekuzwa kwenye vitalu.

Na maua ya mara ya pili? Hapo Tabora imebarikiwa. Phalaenopsis husubiri wiki kadhaa za usiku wenye ubaridi ndipo itoe kikonyo cha maua, na Juni na Julai usiku wetu hushuka hadi karibu nyuzi 15. Iache karibu na dirisha, usiikimbize jikoni kwenye joto. Kikonyo kinachomoza kati ya majani, ncha yake imechongoka kidogo. Mzizi mpya una ncha ya mviringo. Msichanganye mkaukata! Kikianza kurefuka usizungushe chupa, maana kinafuata mwanga na kitapinda. Kiegemeze kwenye kijiti. Maua yatafunguka baada ya miezi miwili au mitatu hivi.

Yakishapukutika, angalia kikonyo. Kama bado ni kijani, hesabu vifundo kutoka chini, kata juu kidogo ya kifundo cha pili au cha tatu, na mara nyingine kitachipua tawi lenye maua tena. Kikigeuka njano na kukauka, kikate chini kabisa, uendelee kumwagilia kama kawaida hadi Juni ije.