Akiba Isiyovuka Mwaka: Uzee wa Mama Asiye na Ajira Rasmi

Mhadhara kwa maafisa maendeleo ya jamii na viongozi wa vikundi vya akiba na mikopo, Morogoro

Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu maafisa maendeleo ya jamii, mama zangu na dada zangu viongozi wa vikundi, asalaam alaikum, na Bwana asifiwe.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kumsaidia mwanamke wa kipato cha chini ajiandae kwa uzee wake. Kwa desturi mazungumzo ya namna hii huanza kwa kumhimiza mama ajifunze kuweka akiba. Mimi sitaanzia hapo, kwa sababu siamini kwamba hilo ndilo linalomshinda. Mama lishe wa stendi ya Msamvu, muuza mboga wa soko la Mawenzi na mkulima wa mpunga wa Kilombero kila mmoja yumo katika kikundi cha akiba, wengine katika viwili, na kila wiki wananunua hisa hata kama siku hiyo biashara imelala. Mtu anayeweka kila wiki kwa miaka kumi na tano hahitaji somo la nidhamu kutoka kwangu mimi ninayelipwa mshahara. Linalomshinda ni mambo mawili: akiba yake haivuki mwaka, na mali aliyoichuma kwa jasho lake mara nyingi haina jina lake.

Tuanze na hilo la kwanza. Vikundi vyetu, tuviite VICOBA, yaani benki za jamii vijijini, au kwa jina lingine, vinafuata utaratibu ulioanzia Niger mwaka 1991 katika mradi wa shirika la CARE kwa wanawake wa vijijini. Wanachama wananunua hisa, fedha inakaa katika sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti, wanakopeshana, mikopo inarudi na riba, na mwisho wa mzunguko kila mmoja anapewa hisa zake pamoja na faida. Ni utaratibu mzuri, na kuvunja kikoba, yaani kugawana fedha yote, kila mwaka ndiyo kinga yake kubwa, kwa kuwa hesabu hufungwa mbele ya macho ya wote na mwizi hapati muda wa kuzeeka na fedha za watu. Hata hivyo kinga hiyo ndiyo inayotuletea tatizo la leo. Fedha hugawanywa Desemba, sikukuu ikiwa mlangoni, na Januari ikifika zinahitajika sare, madaftari, michango ya shule, mbegu na pengine bati la kuezekea chumba kilichovuja masika iliyopita. Hakuna matumizi ya kijinga katika orodha hiyo. Lakini mama huyo anapoingia mwaka wake wa ishirini katika kikundi, anaanza tena na hisa ya kwanza, sawasawa na binti aliyejiunga jana.

Kwa hiyo nawaomba maafisa mlioko hapa muache kuhubiri akiba kwa jumla na mshughulikie siku moja tu, siku ya kuvunja kikoba. Kikundi kikubaliane mwanzoni mwa mzunguko, na makubaliano yaandikwe katika katiba, kwamba sehemu ndogo ya mgao wa kila mwanachama, tuseme sehemu moja katika kumi, haitatolewa taslimu bali itapelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya uzeeni yenye jina la mwanachama mwenyewe. Nasisitiza iwe kabla ya mgao. Fedha ikishafika nyumbani imeshapata wenyewe: baba ana lake, kijana anataka bodaboda, wifi ana mgonjwa. Mwanamke anayeweza kumwambia mumewe kwamba kikundi ndicho kilichoamua amepewa ngao ambayo hawezi kujitengenezea akiwa peke yake.

Fedha hiyo iende wapi? Hapa sitaki tupeane jibu moja kwa watu wote, kwa sababu umri ndio unaoamua. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018, watumishi wa umma wako PSSSF, mfuko wao wa hifadhi ya jamii, na mfuko wa NSSF ndio wenye jukumu la sekta binafsi pamoja na watu waliojiajiri. Pensheni ya kila mwezi ya NSSF inahitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15, na umri wa kustaafu ni miaka 55 kwa hiari na miaka 60 kwa lazima. Mama wa miaka 40 akianza sasa na asipokatiza, anatimiza miezi yake akiwa na miaka 55. Akiweka shilingi 1,000 kwa siku, ambayo ni 30,000 kwa mwezi, atakuwa amechangia shilingi milioni 5 na laki 4, na jambo la thamani zaidi kuliko jumla hiyo ni kwamba pensheni haimwishii akiwa bado hai. Wanawake huishi muda mrefu kuliko waume zao, na katika ndoa nyingi mke ndiye mdogo kwa umri, hivyo miaka ya ujane si jambo la bahati mbaya. Ni kipindi ambacho mpango wowote wa mwanamke unapaswa kukihesabu tangu mwanzo. Donge la fedha lina mwisho, na mjane wa miaka 80 hawezi kujua mapema atalihitaji kwa miaka mingapi.

Ila mama wa miaka 52 anayeambiwa kwamba akijiunga leo ataanza kupokea pensheni ya kila mwezi akifika 60 anadanganywa. Miaka minane ni miezi 96. Huyo mweleze ukweli, umwonyeshe njia nyingine, kama vile kununua vipande, yaani sehemu ndogondogo za umiliki, katika mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, taasisi ya serikali, ambayo ilianza na Mfuko wa Umoja mwaka 2005, na ambayo mtu wa kipato kidogo anaweza kuongeza vipande kidogo kidogo na kuviuza anapobanwa. Vipande hupanda na kushuka thamani, na hilo nalo asemewe waziwazi. Kisima cha maji au vyumba viwili vya kupangisha vinaweza kumfaa kuliko vyote, mradi viwe katika ardhi iliyo yake, na hapo ndipo nitakaporudi muda si mrefu.

Kabla ya kufungua akaunti mpya, hata hivyo, muulizeni kila mama swali ambalo sisi wataalamu hulisahau: je, wewe au mumeo mliwahi kuwa na namba ya uanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii? Mkoa huu una mashamba ya mkonge na viwanda vilivyoajiri watu kwa miaka na kisha vikawapunguza. Wako wanawake waliochangia katika usichana wao na hawajawahi kuuliza michango ile iko wapi. Wako wengine wengi zaidi ambao waume zao ni wanachama, na wao hawajui namba, hawana nakala ya cheti cha ndoa, na hawajui kama majina yao yameandikwa miongoni mwa wategemezi. Mafao ya warithi hayamfuati mjane nyumbani; yeye ndiye anayeyafuata, akiwa na karatasi mkononi.

Ningependa pia tujifunze kwa majirani. Rwanda ilianzisha mpango wa EjoHeza mwishoni mwa mwaka 2018, ambapo mtu hulipa kwa simu kiasi chochote anachokiweza, na serikali ikawaongezea franka kwa franka, hadi franka 18,000 kwa mwaka, watu waliokuwa katika daraja la maskini kabisa. Nguvu ya mpango ule, kwa maoni yangu, iko katika nyongeza hiyo. Mtu maskini ana sababu za haki kabisa za kutokuifunga fedha yake kwa miaka 20, na ni nyongeza inayoonekana, si mawaidha, inayoweza kumfanya akubali. Halmashauri zetu zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, 4 kati yake zikiwa za wanawake. Sioni kwa nini kikundi kinachorejesha mkopo wake vizuri kisipate nyongeza ndogo katika akiba ya uzeeni ya wanachama wake; hilo nalisema kama pendekezo, na najua kanuni za sasa haziliruhusu.

Sasa nije kwenye jina. Mwanamke wa kijijini huwekeza katika vitu ambavyo benki haivioni: anafyatua matofali, anapanda minazi na michungwa, analipa fundi wa nyumba kwa fedha ya vitumbua. Mume akifa, au akileta mwingine, vitu hivyo vinahesabiwa kuwa vya mume au vya ukoo. Sheria haisemi hivyo daima. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inairuhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za wanandoa wote wawili, na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali hiyo. Wanaoitaja kesi hii huacha mwisho wake: mwanamke mwenyewe hakupata mgao, kwa sababu mahakama iliona kwamba fedha aliyokwisha kupewa na mumewe kwa ajili ya biashara ya familia aliitapanya. Mimi huutaja, maana unaonyesha kuwa haki iliyotamkwa na kitu kilichoshikwa mkononi havilingani.

Sheria mbili za ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi. Lakini tamko la sheria za kimila la mwaka 1963 bado linaweza kumwacha mjane bila urithi, na mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia kuondolewa kwa ubaguzi dhidi ya wanawake iliitaka Tanzania ilirekebishe, baada ya kusikiliza malalamiko ya wajane wawili. Kwa mama aliye mbele yenu, tafsiri ya haya yote ni ya vitendo: hati ya kimila iandikwe majina mawili, risiti za matofali na mabati zitunzwe, na wosia uandikwe mume angali mzima, mbele ya mashahidi, kisha uhifadhiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, au mahali pengine nje ya kabati la nyumbani. Wanaoishi kinyumba bila ndoa wasidharauliwe katika zoezi hili. Wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua, sheria hudhani kuwa ni wanandoa, ila dhana hiyo inaweza kupingwa, na shemeji hawakosi kuipinga.

Kuhusu mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa, nitasema kwa ufupi, kwa kuwa mnaijua kuliko mimi. Deni moja la namna ile hula kitanda, friji na mtaji wa mama, na baada ya hapo habari ya uzee haizungumziki. Kikundi chenye mfuko wa jamii unaotosha kwa mgonjwa na msiba kinalinda akiba ya uzeeni kuliko semina kumi. Vivyo hivyo mwonyeni mama dhidi ya wanaoahidi kuzidisha fedha: mwaka 2009 mpango wa upatu wa DECI ulipofungwa, miongoni mwa waliobaki wakilia walikuwamo akina mama wengi wa vikundi kama vyetu.

Liko kundi ambalo lolote nililolisema halitalifikia. Bibi wa miaka 70 anayelea wajukuu watatu, ambaye chakula chake kinategemea ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, hana cha kuweka. Huyo kumwambia apange ni kumkosea adabu. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkazi mwenye umri wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa, na kiwango hicho kikapandishwa baadaye. Kenya nayo inawalipa wazee wa umri huo kupitia mpango wa serikali wa Inua Jamii. Tanzania Bara tunayo Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, na pensheni ya wazee wote bado hatuna. Mkiandika taarifa zenu za robo mwaka, waandikeni mabibi hawa peke yao, kwa idadi na kwa kata, msiwachanganye na wale mnaowasajili kwenye akiba, ili anayepanga bajeti asije akadhani kwamba nao tumekwisha kuwahudumia.

Mzunguko mwingi hapa unafungwa Desemba. Katiba za vikundi hubadilishwa kwenye mkutano wa kwanza wa mzunguko mpya, kwa hiyo kipengele kile cha sehemu moja katika kumi kinapaswa kujadiliwa na wanachama kuanzia sasa, wakiwa bado hawajazishika fedha.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Nipo tayari kwa maswali, na ningeomba akina mama wa vikundi wapewe nafasi ya kwanza.