Slaidi ya homa ya tezi: soma seli nyeupe pamoja nami

Karibuni tena mezani kwangu, hapa Moshi. Leo tuseme kaletwa kijana wa sekondari: homa inaingia wiki ya pili, koo linauma, tezi za shingo zimetuna. Kipimo cha malaria hasi. Wengi wangeishia hapo. Sisi tunasoma seli nyeupe.

Tandaza damu nyembamba. Ile nene ya malaria haitufai leo, seli zake zimerundikana. Ikikauka, ipitishe kwenye methanoli, kisha mwagia Giemsa, rangi ya kuzitia seli. Anza na lenzi ya 10, tafuta mahali seli zinapoanza kuachana, halafu tone la mafuta na lenzi ya 100. Usifike ncha kabisa: huko seli zimelala kama chapati, hata nzima itakudanganya.

Haya, tazameni kwenye kioo. Hii ndogo ni limfosaiti ya kawaida, aina mojawapo ya seli nyeupe, kiini karibu kimeijaza yote. Sasa sogea kushoto, polepole. Umeiona ile kubwa? Ute unaozunguka kiini ni mwingi, bluu hafifu, na imejibonyeza kuzifuata seli nyekundu zilizoizunguka. Zinapogusana, rangi imekoza kama pindo la kanga. Mimi hadi leo nikiiona hutulia kidogo kuitazama.

Hesabu seli nyeupe 100. Limfosaiti zikizidi nusu, na za sura hii zikifika 10 au zaidi, homa ya tezi inanukia.

Wanafunzi hudhani hizi kubwa ndizo zenye virusi. Virusi vya Epstein-Barr, ndivyo hasa huleta homa ya tezi, huvamia limfosaiti za aina ya B. Hizi nyingi ni za aina ya T, zimenenepa kwa kazi ya kuwasaka wenzao walioambukizwa. Kirusi chenyewe hukioni hapa. Kilionekana London mwaka 1964 kwa hadubini ya elektroni, katika seli za uvimbe zilizotoka Uganda, jirani zetu.

Usikimbilie kusema saratani ya damu. Kule seli hufanana kama pacha. Hapa kila moja ina umbo lake. Lakini VVU vya siku za mwanzo navyo huleta picha hii, kwa hiyo kwenye fomu andika ulichokiona na asilimia yake, jina la ugonjwa mwachie daktari.

Sasa futa mafuta kwenye lenzi. Kwa karatasi ya lenzi, jamani, si kwa pindo la koti.