Kura Moja ya Chake Chake

Assalaam alaykum wazee wangu, walimu, na nyinyi vijana mliojibanza huko nyuma.

Nimeombwa nizungumze juu ya jimbo letu la Chake Chake, Pemba, na waliotuwakilisha. Majina mnayajua, wengine humu mnayajua kuliko mimi. Nataka nimwongeze mtu mmoja asiyetajwa barazani: aliyechora mpaka. Yeye hagombei wala hapigiwi kura, lakini mara nyingi ndiye anayeamua nani ataapishwa.

Baraza la Kutunga Sheria la Zanzibar lilianza 1926, na kwa miaka thalathini na zaidi hapakuwa na mjumbe aliyechaguliwa na wananchi. Julai 1957 ndipo viti sita vikagombewa, viwili tu kwa Pemba nzima. Walioshinda ni Ali Sharif na Mohammed Shamte. Chake Chake kama jimbo haikuwapo, na akina mama hawakupiga kura.

Uchaguzi wa Januari 1961 ndio mtamu. Viti vilikuwa 22, wanawake safari hii wamo kwenye foleni, na Chake Chake ina kiti chake. Chama cha Afro-Shirazi, ASP, kikakichukua kwa kura moja. Moja, jamani! Kwa jumla ASP ikapata viti 10, ZNP, yaani Hizbu, 9, na ZPPP, chama cha Shamte, 3. Wajumbe wawili wa ZPPP wakaenda upande wa ZNP, mmoja upande wa ASP, ikawa 11 kwa 11. Serikali haikuundika. Sasa pigeni hesabu: mtu mmoja wa hapa mjini angebadili kura yake siku ile, Zanzibar ingekuwa na serikali.

Dawa iliyopatikana ilikuwa kuongeza jimbo. Likachongwa moja Pemba, Mtambile, viti vikawa 23 ili visigawike sawa, na Juni watu wakarudi vituoni. ASP 10, ZNP 10, ZPPP 3. Shamte akawa Waziri Kiongozi kwa muungano na ZNP. Lakini Juni ile ile watu 68 waliuawa katika fujo, na wengi waliokufa walikuwa Waarabu wa mashamba Unguja. Sitalipita hilo kwa haraka kwa sababu tu halikutokea kwetu.

Julai 1963 majimbo yakafika 31. ASP ikapata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu. ZNP 12 na ZPPP 6 wakaunda serikali. Vipi? ASP ilirundika kura katika ngome zake, Ng'ambo ya mji wa Unguja na kwengineko, wapinzani wake wakishinda kwengine kwa tofauti ndogo. Kura iliyozidi haivuki mpaka wa jimbo. Serikali hiyo ndiyo iliyopokea uhuru Disemba 10, na Januari 12, 1964 ikapinduliwa.

Baada ya hapo Baraza la Mapinduzi ndilo lililotunga sheria, mpaka Baraza la Wawakilishi lilipoanza 1980. Miaka ile ya chama kimoja sina mengi ya kuisemea.

Vyama vingi viliporudi, 1995, Pemba ilikuwa na majimbo 21, na CUF, chama cha upinzani, ikayachukua yote. Uchaguzi wa 2005 ukatukuta na 18. Hoja ilikuwa idadi ya watu: Unguja, hasa mjini, imejaa. Ukilinganisha na sensa, hoja ina uzito wake, mimi siikatai. Lakini viti vitatu vilivyoondoka vilitoka kwenye kisiwa ambacho kila kiti kilikuwa cha upinzani, na mtu akinuna kwa hilo simshangai.

Mwisho nina jambo linalonisumbua kila nikiandika orodha ya wawakilishi wetu. Oktoba 2015 mpiga kura wa hapa aliingia kituo kimoja, akapewa karatasi kadhaa. Baadhi ya washindi wa Baraza la Wawakilishi walishapewa hati zao, kisha tarehe 28 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar akafuta uchaguzi wa Zanzibar. Uchaguzi wa Muungano, wa Rais wa Tanzania na Wabunge, haukufutwa. Kwa hivyo Mbunge akaenda Dodoma, na Mwakilishi, aliyechaguliwa siku ile ile na watu wale wale, akabaki nyumbani. Machi 20, 2016 ukarudiwa uchaguzi ambao CUF iliususia. Kwenye daftari langu mwaka ule nimeandika mistari miwili, wa Oktoba na wa Machi. Mwenye hoja ya kufuta mmojawapo anyooshe mkono, tuanze maswali.