Sufuria la mtaa liko kwa nani?

MAMA SALMA: Karibuni tena kibarazani. Mimi Mama Salma, niko na jirani yangu wa ukuta mmoja, Baba Juni. Leo tulipanga kuongelea tetesi kwenye magrupu ya mtaa. Baba Juni kaja na daftari kabisa.

BABA JUNI: Mambo matatu tu, nimeyaandika. La kwanza…

MAMA SALMA: Ngoja kwanza, maana nina langu. Jumanne nipo dukani Kariakoo, nakata kitenge cha mteja, simu inatetemeka mezani haiachi. Nafungua grupu la mtaa, nakutana na picha ya mwanangu.

BABA JUNI: Mdogo wake Salma.

MAMA SALMA: Huyo huyo. Amekaa kwenye benchi la kijiwe cha bodaboda, kavaa sare, begi liko miguuni, mkono shavuni. Saa nne asubuhi. Chini yake imeandikwa: "Mzazi wa huyu kijana ajitokeze." Baba Juni, mkono ulikuwa shavuni kwa sababu mtoto alikuwa anaumwa jino! Mwalimu kampa ruhusa, na ni mimi niliyemwambia amsubiri mjomba wake pale ampeleke zahanati.

BABA JUNI: Pole sana, jirani. Ila mtaa haukuyajua hayo.

MAMA SALMA: Haukujua na haukuuliza. Namba yangu wanayo. Kufika adhuhuri majibu yamepita arobaini. "Wazazi wa siku hizi." "Panya road wanaanza hivi hivi." Mtoto wa miaka 14 anafananishwa na genge la wahalifu! Mkasi ulinitetemeka mkononi, mteja akaniuliza dada, kuna msiba?

BABA JUNI: Halafu ndiyo ukaingia ujumbe wa sufuria.

MAMA SALMA: Yaani mwanangu yuko katikati ya kuhukumiwa, anaingia mama mmoja: "Samahanini majirani, sufuria la mtaa liko kwa nani? Kesho tuna hitima." Wote wakahamia huko.

BABA JUNI: Kwa sababu lile si sufuria la mtu mmoja. Kila nyumba ilitoa elfu tatu.

MAMA SALMA: Nakumbuka, nilizikusanya mimi. Sufuria la kilo ishirini, zito, ukilibeba lazima muwe wawili. Jina la mtaa limechorwa kwa msumari pale kwenye mdomo wake.

BABA JUNI: Na sikio la kushoto limefungwa waya.

MAMA SALMA: Waya ulifungwa baada ya ule ubarikio wa nyumba ya kona. Kabla ya hapo lilikuwa zima.

BABA JUNI: Hapana, lilitoka kwenye ubarikio likiwa na masikio yote mawili. Nililipokea mimi. Lilivunjika siku ya Simba na Yanga, vijana walipolichemshia mihogo.

MAMA SALMA: Na mfuniko?

BABA JUNI: Mfuniko ulipotea zamani. Huu uliopo ni wa sufuria la msikitini.

MAMA SALMA: Kumbe! Basi na wao wanautafuta. Ila unajua, mimi nikikumbuka msiba wa mama mkwe, sisahau lile sufuria. Saa kumi alfajiri nimetoka nje nalia, nakuta limeshabandikwa kwenye mafiga, maji yanachemka, na sikumwomba mtu yeyote. Ndiyo maana picha ile imeniuma hivi. Hawa ni watu wangu.

BABA JUNI: Na ndiyo hoja yangu. Waliobandika maji ndio hao hao waliopiga picha. Hawezi jirani kukupikia kwenye msiba halafu akamwona mtoto wako kijiweni saa za shule akapita kimya.

MAMA SALMA: Asipite kimya, anipigie! Au amuulize mtoto. Alisimama hatua tatu kutoka kwake akapiga picha.

BABA JUNI: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa akiona haki ya mtoto inavunjwa.

MAMA SALMA: Kwa serikali ya mtaa, Baba Juni. Haikusema kwa watu 212 kwenye simu. Zamani mkubwa angemwonya palepale, angekuja kwangu jioni, yakaisha kibarazani. Picha haiishi. Na wewe ndiye admini, kuifuta unaweza.

BABA JUNI: Siifuti.

MAMA SALMA: Kwa nini?

BABA JUNI: Kwa sababu yule jirani amekuomba radhi chini ya picha ile ile, mbele ya wote. Nikiifuta, radhi inabaki inaning'inia, na aliyeona picha tu atabaki na ubaya.

MAMA SALMA: Aliyeona picha tu harudi kusoma radhi. Mwanangu tangu Jumanne anazunguka njia ya nyuma asipite kijiweni.

BABA JUNI: Naelewa uchungu wako. Lakini siifuti.

MAMA SALMA: Na mimi sijaridhika, nalisema hapa hapa.

BABA JUNI: Tumebakiwa na dakika mbili, na daftari sijalifungua. Angalau hili la kimbunga Hidaya. Mei 2024, TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, imeshatoa tahadhari, boti za Zanzibar zimesimamishwa, lakini kwenye grupu letu watu wanasikiliza sauti ya mtu asiyejulikana anayesema bahari itafika Mbagala. Juu yake imeandikwa imesambazwa mara nyingi. Ukiona maneno hayo…

MAMA SALMA: Muda, Baba Juni. Hayo mengine wiki ijayo.

BABA JUNI: Ulisema hivyo wiki iliyopita.

MAMA SALMA: Hitima ilibidi wakodi sufuria, wamelipa hela ambayo hawakuwa nayo. Jumamosi kuna maulidi. Aliye nalo, tafadhali, alirudishe kwangu, hata usiku. Nitamtuma mdogo wake Salma asaidie kulibeba.

BABA JUNI: Jino limepona?

MAMA SALMA: Limeng'olewa.