Kurekebisha fomula ya intapolesheni katika jedwali la tangi la dizeli

Ndugu watazamaji, karibuni Mikindani, Mtwara. Leo tunarekebisha jedwali la Excel la tangi la dizeli linalolisha jenereta ya mashine ya barafu. Tangi hilo ni la mviringo, limelazwa, lina kipenyo cha sentimita 120 na urefu wa mita 2. Msimamizi huchovya kijiti, husoma sentimita, kisha jedwali humpa lita. Kijiti kinaposoma 24, fomula hutoa lita 379, ilhali kwa hesabu ya umbo la tangi zimo lita 322 tu. Na tangi likiwa tupu, fomula hutoa lita 85 chini ya sifuri. Kwangu mimi kosa hili ni baya kuliko lile la alama ya #N/A, ambayo Excel huonyesha inapokosa jibu, kwa kuwa halimwonyi mtu yeyote.

Fungua faili. Seli A2 hadi A8 zina vimo vya kijiti: 0, 10, 20, 30, 40, 50 na 60. Seli B2 hadi B8 zina lita zake: 0, 90, 248, 442, 660, 892 na 1131. Fomula ya zamani ni hii: =FORECAST(D2,B2:B8,A2:A8). Fomula hiyo hupitisha mstari mmoja ulionyooka kati ya nukta zote saba, lakini tangi lililolazwa ni jembamba chini na pana katikati, kwa hiyo lita zake haziongezeki kwa kiwango kimoja. Intapolesheni tunayoihitaji, yaani kukadiria thamani iliyo kati ya zile zinazojulikana, hutumia nukta mbili tu, ile iliyo chini ya kipimo chetu na ile iliyo juu yake.

Andika 24 katika D2, kisha katika E2 andika =MATCH(D2,A2:A7,1). Utapata 3, yaani nukta ya tatu. Nimeishia A7 kwa makusudi, kwani ukifika A8, kipimo cha 60 kitaitafuta nukta ya nane ambayo haipo, nawe utaletewa #REF!, yaani kosa la kurejelea seli iliyo nje ya jedwali.

Sasa katika F2 andika =FORECAST(D2,INDEX(B2:B8,E2):INDEX(B2:B8,E2+1),INDEX(A2:A8,E2):INDEX(A2:A8,E2+1)), ukizingatia kwamba lita hutangulia na sentimita hufuata; wengi huzigeuza. Jibu ni 325.6, ambalo limepishana na lita halisi kwa chini ya lita 4.

Ikitokea #N/A katika E2, hakikisha vimo vimepangwa kutoka kidogo hadi kikubwa, na kwamba hakuna aliyeandika "20 sm" badala ya 20 katika D2, kwa sababu Excel huyachukulia hayo kuwa maneno. Ikitokea #DIV/0! katika F2, yaani kosa la kugawanya kwa sifuri, angalia kama kimo cha mwisho kimeandikwa mara mbili. Kompyuta ikikataa mkato, tumia nukta mkato.

Jaribu 0, 30 na 60. Majibu yawe 0, 442 na 1131. Kipimo kikizidi 60, fomula itaurefusha mstari wa mwisho bila kukuonya, kwa hiyo jaza vimo hadi 120 katika A14 na lita zake hadi B14, uishie A13 katika MATCH, na katika F2 uweke A14 na B14 badala ya A8 na B8.